Jaribuni Mlonge Kabla ya Chupa

Wakulima wa Entarara, mtakumbuka ukame ule ulioanza mwisho wa mwaka 2020, mvua ikakosa misimu 5 mfululizo. Tangu wakati huo watu hutuuliza sana ofisini habari za dawa za chupa ziuzwazo ili mimea istahimili jua. Shauri langu ni hili: msitoe fedha kabla ya kujaribu majani ya mlonge, ambao wengi huuita moringa.

Yafaa kwanza kufahamu jambo lenyewe. Jani likikosa maji hufunga vitundu vyake vya kupumulia lisikauke, lakini jua haliachi kuliwakia. Nguvu ile ya jua, ikikosa kazi ya kutengeneza chakula, huigeuza oksijeni iliyomo ndani ya jani kuwa kali, nayo huunguza rangi ya kijani. Ndipo nyanya huwa za manjano na kukauka kingoni. Walakini mmea haukuumbwa bila ngao. Una vitamini C, una rangi kama ile ya karoti, na una vitu vya jamii moja na ukakasi wa mtama mwekundu. Hivyo ndivyo vinavyoizima oksijeni kali.

Majani ya mlonge yana vitu hivyo kwa wingi, pamoja na zeatini, ambayo hulichelewesha jani kuzeeka. Maji yake yamejaribiwa Pakistani juu ya ngano, na Zimbabwe juu ya mahindi na maharagwe. Twanga majani machanga kwa maji kidogo, kamua kwa kitambaa safi, kisha changanya kikombe 1 na vikombe 30 vya maji. Nyunyizia jioni, siku ile ile, maana yakilala huchacha.

Msije mkanishitaki kwa Bwana Shamba, mimi ni karani tu: mlonge hauleti mvua. Shamba lisilo na samadi wala matandazo halitaokolewa na maji ya majani, wala ya chupa. Nyunyizieni mistari 2 ya nyanya, mistari 2 ya jirani iacheni bila kitu, mkapime mavuno debe kwa debe. Na mwenye kuuza chupa aulizwe kama amepima hivyo katika udongo kama wetu.

Mbegu za mlonge hupandwa papo hapo shambani, mahali pasipotuama maji. Mche ukifika kiunoni, kata kilele ili utoe matawi mengi ya kuchumwa.