Mama wa kariere ana nguvu, lakini nani anazijenga?

Kila mara mwanamuke wa hapa Tunda akisema anataka kufanya spoti ya kujenga misuli, wanaume wanacheka. "Utakuwa mwanaume!" Lakini ni wao hao wenyewe, ku kariere, wanaomutwika mufuko wa mawe wa kilo 50, na hakuna anayecheka.

Sisi bamama tunasema hapo kuna uongo. Kama misuli ni ya wanaume, basi na mizigo iwe ya wanaume.

Bwana zetu na watoto wetu wanatoka huku, wanaenda Kailo, Kalima, Punia kutafuta kasiterite na zahabu, na sisi tunafuata. Tunatwanga mawe, tunasafisha muchanga, tunabeba na kamba ya paji. Wengi wanafikiri kazi hiyo tayari ni spoti. Hapana. Musuli unajengwa namna ingine: unaupa uzito kidogo, unapumuzika siku moja ao mbili, unakula vizuri, halafu unaongeza uzito. Ni katika kupumuzika njo musuli unakua. Mama wa kariere anabeba uzito uleule kila siku, shingo imeinama, na usiku anakula paka muchele na chumvi. Huyo hajengwi, anamalizwa.

Tena tuseme wazi jambo ambalo tunafichana: kizazi kushuka. Kubeba vizito muda murefu, zaidi kwa mama aliyezaa mara nyingi, kunaweza kuleta ile shida. Wengi wanaona haya, wanakaa nayo miaka na miaka. Bamama wenzetu, musikae nayo. Hospitali ya Wametodisti iko hapa Tunda, muende. Na kuna zoezi lisilo na bei: unakaza misuli ya chini kama mutu anayezuia mukojo, unahesabu mupaka tano, unaachilia. Mara kumi, asubui, muchana na magaribi. Hata kanisani unaweza kulifanya, pasteri hatajua.

OMS inashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli siku mbili ao zaidi kila juma. Haikusema wanaume peke yao. Na mashini haihitajiki. Bidon ya litri 5 ikijaa maji ni kilo 5. Chuchumaa nayo na kusimama mara kumi, mukongo ukiwa umenyooka. Ikikuwa nyepesi, kamata ya litri 10. Pompe uzipige kwanza kwa ukuta, chini utafika pole pole. Mwenye mimba aulize munganga kwanza.

Kuhusu ile hofu ya kugeuka mwanaume: mwili wa mwanamuke una testosteroni kidogo sana, ndevu haziwezi kutoka ku bidon. Kinachotoka ni mifupa migumu, na tutaihitaji tukikoma hedhi, maana wakati huo mifupa inapoteza nguvu mbio. Lakini bila maharagi, karanga ao samaki ndani ya sahani, zoezi ni bure. Hapo tunawaangalia bwana zetu wanaoacha franga za juma ku pombe kabla ya kufika nyumbani.

Mwaka wa 1967, OIT ilishauri muzigo wa mwanaume mumoja usipite kilo 55, na ikataka wa mwanamuke uwe mwepesi sana kuliko wa mwanaume. Ku kariere zetu balansi hazikosekani, za kupima mali ya mununuzi. Zipime pia kile kinachopanda ku mukongo wa mama.

Tunaomba koperative zikate mifuko: kilo 25 kwa mama, na bei ya kila kilo isishuke. Na siku ya Posho, saa kumi, mbele ya vijana kuanza mupira, tupewe uwanja saa moja tu. Bidon tutaleta wenyewe.