Gari la mlimani litengenezwe kwa kipimo cha mlimani

Kila mtu aliyepata kusafiri kutoka mjini Morogoro kwenda Mgeta au Matombo anajua kwamba gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu limekuwa kiungo muhimu cha maisha katika Milima ya Uluguru. Asubuhi linateremsha kabichi, karoti, njegere na viazi kutoka upande wa Mgeta, au ndizi, nanasi na pilipili manga kutoka upande wa Matombo. Jioni linapandisha sukari, sabuni, bati, mbolea na watu waliotoka sokoni. Mgonjwa akizidiwa usiku, mara nyingi ni gari hilo hilo linalogongewa mlango.

Kwa hiyo madereva wa magari hayo wanapolalamika kwamba yana kasoro za muundo, malalamiko yao hayafai kuchukuliwa kama maneno ya watu wanaotaka starehe. Dereva wa Uluguru hadai kiti cha ngozi wala redio kubwa. Anadai gari lisiloburura tumbo juu ya mawe, lisiloishiwa breki katikati ya mteremko, na lisilomgeuza gunia la viazi kuwa rungu la kumpiga abiria mgongoni. Hayo ni madai ya usalama wa watu na ya bei ya mazao ya mkulima, na yanastahili kujibiwa na vyombo vinavyohusika.

Ili kuelewa chanzo cha kasoro hizo, yafaa kutazama gari lenyewe lilikotoka. Mfano mzuri ni Toyota Probox, aina ambayo imeenea sana Afrika Mashariki. Gari hilo lilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 2002, likiwa na injini za sentimita za ujazo 1,300 na 1,500, pamoja na ya dizeli ya 1,400. Toleo lake la mizigo lilikusudiwa kubeba kilo 400 tu, likiwa na watu wawili mbele. Lilibuniwa kwa ajili ya wafanyakazi wa makampuni wanaozunguka mijini na sampuli za bidhaa, juu ya barabara za lami zisizo na shimo.

Kiti cha nyuma cha toleo hilo ni chembamba, na mgongo wake umesimama wima. Wengi hudhani huo ni ubahili wa kiwanda. Ukweli ni kwamba sheria za Japani zinataka gari lililoandikishwa kuwa la mizigo liwe na eneo la mizigo kubwa kuliko eneo la abiria. Kiwanda kilibana kiti ili kutimiza sheria, kwa kuwa huko kiti hicho hukaliwa kwa nadra. Hapa Tanzania kiti hicho hicho hukaliwa kila siku, mwendo wa saa nzima na zaidi, na watu wazima waliopakata watoto.

Gari hilo lilipobuniwa upya mwaka 2014, kiwanda kiliwasikiliza watumiaji wake kwa makini sana. Kilijua kwamba wafanyakazi wa Japani hula chakula cha mchana ndani ya gari, hivyo kikaweka meza ndogo kwenye dashibodi, na hata mahali pa kusimamishia pakiti ya kinywaji ya lita moja. Kwa upande mwingine gia za mkono ziliondolewa. Hakuna ubaya wowote kiwanda kumsikiliza mteja wake. Lakini jambo hilo linafundisha kwamba muundo wa gari hufuata sauti ya yule anayelinunua likiwa jipya. Anayelinunua likiwa limekwisha kutumika miaka 10 hana kiti katika baraza hilo.

MADAI YA MADEREVA

Dai la kwanza ni uwazi kati ya tumbo la gari na ardhi. Barabara ya kutoka Bigwa kupitia Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo ipo upande wa mashariki wa milima, unaopokea mvua nyingi zaidi. Pale palipo na udongo, masika hukata makorongo na kuacha mawe yamechomoza. Gari fupi likipita hapo likiwa limejaa, sampo ya oili hugonga jiwe. Sampo ikipasuka oili humwagika, na dereva asipozima injini mara moja hiyo injini imekwisha. Bamba la chuma la kukinga sampo lingezuia hasara hiyo, nalo ni kitu rahisi kutengeneza.

Dai la pili ni springi na shokapu. Gari lililopimwa kubeba kilo 400 likipakiwa mara mbili ya kiasi hicho, nyuma huinama na mbele huinuka. Matairi ya mbele hupoteza mshiko, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na usiku taa humulika mbinguni na kumtia upofu dereva anayekuja. Baadhi ya mafundi hujibu tatizo hilo kwa kuingiza vipande vya chuma au mpira chini ya springi ili gari linyanyuke. Gari hunyanyuka kweli, lakini uzito wake nao hupanda juu, maungio ya ekseli ya mbele hukaa pembe isiyo yake na kulika upesi, na katika kona kali gari huwa rahisi kupinduka. Dawa ya namna hiyo huongeza ugonjwa.

Dai la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni breki na gia za kuteremkia. Mji wa Morogoro upo kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu vya Mgeta vipo zaidi ya mita 1,500. Maana yake gari linalotoka Nyandira na mzigo hushuka mita 1,000 na zaidi kabla ya kuliona tambarare la Mlali na Mzumbe. Dereva akikanyaga breki njia nzima, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakiwa ya siku nyingi huchemka upesi. Yakichemka, kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Ndiyo sababu dereva mzoefu wa milimani hupenda gia za mkono: huweka gia ndogo, injini ikamsaidia kulizuia gari, na breki akaiwekea akiba ya kona. Gari la milimani lisilo na gia imara za kuzuilia mwendo ni gari pungufu, hata liwe jipya namna gani.

Dai la nne ni utengano wa abiria na mizigo. Katika gari la mlango wa nyuma hakuna ukuta kati ya mtu na gunia. Gari likisimama ghafla, kila kisichofungwa huendelea na safari kuelekea mbele. Wavu wa chuma nyuma ya kiti, vishikizo imara vya kufungia kamba sakafuni, na mikanda ya usalama kwa kila anayeketi nyuma, ni vitu vidogo kwa gharama na vikubwa kwa maisha ya watu.

Dai la tano huchekwa na wasiolijua, nalo ni vumbi. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huwa hafifu, na vumbi hurudi na kuusonga mlango wa nyuma. Mpira wa mlango ukiwa umechoka, vumbi huingia ndani, likawafikia wagonjwa, watoto, na pichesi ambazo mnunuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu atazitazama mara moja na kushusha bei.

GARI LILILOSIKILIZA BARABARA

Wapo watakaosema kwamba gari dogo haliwezi kutengenezwa kwa ajili ya barabara kama hizi. Historia inawakanusha. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilianza kubuni gari la wakulima, na masharti waliyopewa wahandisi yalikuwa ya shambani hasa: libebe wakulima wawili pamoja na kilo 50 za viazi, na lipite juu ya shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyomo kapuni. Gari hilo, 2CV, lilioneshwa mjini Paris mwaka 1948 na likadumu viwandani zaidi ya miaka 40. Nchini Indonesia, mwaka 1977, lilitoka gari liitwalo Kijang, jina la mnyama wa jamii ya paa, likiwa na umbo rahisi na uimara uliolenga mahitaji ya nchi hiyo.

Afrika Mashariki nayo ilikwisha kuwa shule ya viwanda. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulipatikana mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Toleo la 504 la kubebea familia lilikuwa na springi mbili kila upande wa nyuma na viti vya safu tatu. Kwa miaka mingi lilibeba abiria katika nchi nyingi za Afrika. Watu hawakulipenda kwa jina lake. Walilipenda kwa sababu lilistahimili mzigo na mashimo.

NANI AFANYE NINI

Kwa kuwa magari mengi madogo huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, kumwandikia barua mtengenezaji hakutazaa matunda ya haraka. Mahali ambapo Tanzania ina uwezo kamili wa kuamua ni kati ya bandari na barabara. Hapo ndipo kazi ianzie.

Kwanza, madai ya madereva yakusanywe na kuandikwa kitaalamu. Shirika la Viwango pamoja na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, vina uwezo wa kuweka kipimo cha gari dogo linaloombewa leseni ya kubeba abiria katika njia za milimani: aina ya springi inayokubaliwa, bamba la sampo, wavu wa mizigo, mikanda ya viti vyote, na muda wa kubadilisha mafuta ya breki. Fundi akipewa kipimo hatabahatisha kwa vipande vya chuma.

Pili, vifaa hivyo vitengenezwe nchini. Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichopo Kibaha, kilikwisha kuonesha katika miaka ya 1980 kwamba Watanzania wanaweza kuunda hata lori. Bamba la sampo na wavu wa chuma si mlima kwa taifa lililothubutu hivyo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na chuo cha VETA cha Kihonda mjini Morogoro, vinaweza kuifanya kazi hiyo kuwa ajira kwa vijana na somo kwa wanafunzi, huku gari la kufanyia majaribio likipanda Mgeta na kushuka kila siku.

Tatu, wamiliki na madereva nao watimize wajibu wao. Hakuna muundo utakaoliokoa gari la watu watano lililopakiwa watu tisa na magunia juu ya keria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa ili kuwakomoa wasafirishaji. Dereva anayedai springi bora huku akizidisha mzigo anatengeneza kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Ni kweli kwamba nauli ni ndogo na mafuta ni ghali, na hesabu ya tajiri humsubiri dereva jioni. Basi hesabu hiyo nayo itazamwe, maana mara nyingi mzigo unaozidi huwa umeamuliwa na mtu asiyekuwamo garini.

Wengine watasema kuwa dawa ya yote ni lami. Lami ni haki ya watu wa Uluguru, na kila kilomita inayojengwa ni faraja. Lakini lami haiondoi mteremko. Huenda hata ikaongeza hatari, kwa sababu gari lililokuwa likitambaa juu ya mawe litashuka kwa kasi juu ya lami likiwa na breki zile zile. Barabara bora inahitaji gari bora, na haja ya moja haifutwi na kupatikana kwa nyingine.

Mkulima wa Uluguru hulima penye mwinuko ambao wengine wasingethubutu hata kuupanda. Amekwisha kutimiza sehemu yake. Haifai jasho lake lote litegemee gari lililopimwa kwa ajili ya sampuli za bidhaa na chakula cha mchana cha mfanyakazi wa mjini. Madereva wamekwisha kusema kasoro zilipo. Sasa wenye vipimo, wenye karakana na wenye leseni wakae pamoja, na safari ya kwanza ya kamati yao iwe kushuka kutoka Nyandira ndani ya gari hilo hilo, likiwa na mzigo.