Difu Ikibadilishwa, Spidomita Isiachwe

Fundi anayebadilisha difu ya pikapu kisha akamkabidhi mwenyewe funguo bila kugusa spidomita ameiacha kazi nusu. Katika pikapu nyingi za zamani, spidomita haijui gurudumu limezunguka mara ngapi; inahesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kwa hesabu ya difu iliyotoka nayo kiwandani. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, propela huzunguka mara 4.1 gurudumu lizunguke mara moja. Ukifunga difu ya mtumba ya meno 37 kwa 10, propela inazunguka mara 3.7 tu. Injini inapata nafuu kwenye safari ndefu, na ndiyo maana madereva wanaitafuta, ingawa mlimani gari lenye mzigo litavuta kwa shida zaidi. Ila sasa mshale ukiwa kwenye 80, gari liko karibu 89. Ukisoma 50 mbele ya shule, mwendo ni 55. Na kwa kuwa nishati ya gari hupanda kwa mraba wa mwendo, breki zinabebeshwa mzigo wa ziada wa karibu asilimia 23, na dereva hana habari.

Wapo wanaosema spidomita za kiwandani huzidisha kidogo, kwa hiyo kosa linajifuta lenyewe. Kweli, Kanuni Namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu mshale uzidishe kwa kiasi fulani, lakini hairuhusu kamwe uonyeshe pungufu ya mwendo halisi. Ziada hiyo hutofautiana gari kwa gari, nayo huliwa upesi mtu akifunga na tairi kubwa, jambo ambalo wenye pikapu wanalipenda. Wengine wanategemea simu. Simu itaonyesha mwendo, sawa, lakini hairekebishi odomita, na hapo ndipo mwenye gari anapoumia kimyakimya: kwa kila kilometa 100 alizokwenda, zinaandikwa 90. Akipiga hesabu ya mafuta ataona difu mpya haikumsaidia, hata kama imemsaidia. Oili ya kilometa 5,000 ataimwaga baada ya 5,500 na zaidi, na atakayenunua gari hilo kesho atauziwa kilometa pungufu. Aliyefanya kinyume, akafunga 4.1 badala ya 3.7 ili avute mizigo, naye anadanganyika: odomita inazidisha, anaamini gari halili mafuta, kumbe injini inazunguka zaidi kuliko zamani.

Marekebisho si makubwa. Kwenye gari la kebo hubadilishwa kigia kidogo cha plastiki kilichopo ubavuni mwa giaboksi, kiwe cha meno yanayolingana na difu mpya; kwenye gari la sensa hurekebishwa mawimbi yanayokwenda kwenye dashibodi. Magari yanayosoma mwendo kwenye magurudumu yenyewe hayaguswi na difu, tairi tu. Wakaguzi wa magari, wanaopima breki na taa, wapime na mshale huu, na fundi aandike kwenye risiti uwiano wa difu aliyofunga.