Kununua kiwanja bondeni bila hesabu ya maji ni kamari

Kila masika yanapokaribia, mazungumzo ya bei za viwanja na pango la maghala ya mabondeni jijini Dar es Salaam huwa yale yale. Dalali hutaja ukubwa wa eneo, umbali kutoka barabara ya lami na kama hati ipo. Mteja huuliza iwapo maji hufika. Mwenye eneo hujibu kwamba tangu ajenge hapo hajayaona hata siku moja, na biashara inafungwa.

Jibu hilo mara nyingi ni la kweli. Hatari kwa mwekezaji mdogo iko hapo hapo, kwa sababu ukweli wa miaka kumi iliyopita hausemi lolote kuhusu mvua itakayozidi kipimo cha mashimo yaliyoko juu ya kiwanja.

Ardhi isiyo tambarare haitoi maji kidogo kidogo kulingana na mvua. Sehemu ya mvua hunywewa na udongo, na sehemu nyingine hujaza madimbwi, mashimo ya mchanga na mabonde madogo. Mashimo yakishajaa, kila tone linaloongezeka humwagikia shimo la chini yake, na hilo nalo likijaa humwagikia la tatu, mpaka mteremko mzima unakuwa mfereji mmoja.

Chukua mfano wa eneo linaloweza kushika milimita 50 za mvua. Ikinyesha milimita 50, hakuna kinachotoka. Ikinyesha 60, zinatoka 10. Ikinyesha 70, zinatoka 20. Mvua imeongezeka kwa chini ya moja ya tano, lakini maji yanayomfikia mtu wa chini yamekuwa maradufu. Huyo ndiye mfanyabiashara anayesema alistukizwa, ilhali hesabu ilikuwepo siku zote.

Wataalamu wa maji huifanya hesabu hiyo kwa kompyuta. Ramani ya eneo hugawanywa katika miraba, na kila mraba hupewa kimo chake. Kwa njia iliyochapishwa mwaka 1984 na wataalamu O'Callaghan na Mark, maji ya kila mraba hupelekwa kwa mmoja kati ya majirani zake wanane, yule ambaye mteremko wa kumwendea ni mkali kuliko wengine. Kisha kompyuta huhesabu ni miraba mingapi inayomwaga maji yake mahali pamoja. Mraba unaopokea kutoka kwa maelfu ya wenzake ndio mkondo, hata kama leo umejengewa ghala na kupakwa rangi.

Vimo hivyo vinapatikana bure. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa rada katika safari ya siku 11. Ramani iliyotokana na kazi hiyo ina miraba ya upana wa takriban mita 30, na inatosha kuonyesha jinsi maji yanavyoteremka kutoka vilima vya Pugu.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganyike na ramani ya bure. Vimo vyake vinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mahali penye mteremko hafifu kama Jangwani, ukuta wa mita moja au mtaro wa kando ya barabara ndio unaoamua nani apone na nani azame, na ramani hiyo haiuoni. Aidha, kabla ya kuanza hesabu, kompyuta kwa kawaida hujaziwa mashimo yote yaliyomo kwenye ramani ili maji yasikwame njiani. Kwa kufanya hivyo, mashimo ya kweli hufutwa pamoja na yale yaliyotokana na makosa ya vipimo. Ramani ya namna hiyo huonyesha bonde, lakini haionyeshi ni ghala lipi litaanza kuingiwa na maji.

Jambo la pili linalopaswa kuingizwa kwenye bei ni jirani wa juu. Idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani ilitunga katika miaka ya 1950 kanuni ya kukadiria maji yanayotiririka, ambayo bado inatumika. Kwa kanuni hiyo, mvua ya milimita 100 ikinyesha penye nyasi nzuri na udongo unaopitisha maji kwa kiasi, hutiririka kama milimita 20. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya mabati na saruji, hutiririka kama milimita 94. Kwa hekta moja, hiyo ni tofauti ya lita 200,000 na lita 940,000.

Kwa hiyo kiwanja kinaweza kubaki kama kilivyo huku hatari yake ikiongezeka kila bati linapopigwa mlimani. Mbaya zaidi ni desturi ya kumwaga kifusi ili kuinua eneo. Aliyejaza shimo lake amelifuta ghala la maji na kumpelekea jirani shehena asiyoiagiza.

Jiji limekwisha kulipa gharama ya somo hili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Jangwani kimeingiwa na maji zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya mradi wa bonde la Mto Msimbazi. Fedha za kiasi hicho hutafutwa pale ambapo hesabu haikufanywa mapema.

Wapo watakaosema upimaji ni anasa ya makampuni makubwa. Hoja hiyo haina nguvu tena. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora mitaro, nyumba na maeneo yanayofurika jijini, na ramani hizo ziliwekwa wazi kwa yeyote. Kinachokosekana ni vipimo vya kina vya mtaa husika, na gharama yake haina budi kuchangwa. Wapangaji ishirini wa maghala ya mtaa mmoja wakimkodi mpima ardhi mmoja, kila mmoja hulipa sehemu ndogo ya gharama, nayo huenda isifikie thamani ya marobota machache ya nguo yaliyoloa.

Mnunuzi makini basi aulize maswali manne kabla ya kutoa arubuni. Je, maji ya eneo lipi yote hupita hapa? Yaliyoko juu ni mashimo au ni mabati? Kifusi kimemwagwa wapi miaka ya karibuni? Na mtaro unaotegemewa unatoa maji wapi? Kama muuzaji hana majibu, bei ishuke mpaka ilingane na hatari hiyo. Benki zinazopokea viwanja hivyo kama dhamana nazo zingefaa kuuliza maswali hayo hayo, kwani hati haielei.

Waswahili husema maji hufuata mkondo. Soko la viwanja limekuwa likifuata barabara, na kila masika hukutana na maji njiani.