Mizani Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Tangu upandikizaji wa uloto uanze nchini Tanzania, ukiwamo ule wa watoto wenye selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, mazungumzo yetu yameelemea gharama na upatikanaji wa mchangiaji. Hayo ni ya msingi. Hata hivyo, ipo hatari ambayo haijapewa uzito unaostahili: kuziba kwa mishipa midogo ya damu katika ini na, kwa nadra, katika mapafu.

Kabla ya kupokea seli shina, mgonjwa hupewa dawa kali, kama vile busulfani. Dawa hizo huweza kuujeruhi utando wa ndani wa mishipa midogo ya ini. Utando huvimba na kubanduka, njia hubana, na damu hurundikana nyuma yake. Ndipo mwili huhifadhi maji, ini huvimba na kuuma, tumbo hujaa na macho huwa ya manjano. Aliyeongezewa damu mara nyingi, kama ilivyo kwa wengi wenye selimundu, huwa hatarini zaidi iwapo madini ya chuma yamerundikana katika ini lake.

Dalili hutokea zaidi katika siku 21 za kwanza, ingawa kwa wengine huchelewa. Watoto wengine huugua bila bilirubini kupanda. Basi anayengoja manjano huenda akachelewa. Ongezeko la uzito la asilimia 5 ni miongoni mwa vigezo vya utambuzi. Kwa mtoto wa kilo 20, hiyo ni kilo 1 tu: jicho huenda lisiione, mizani huiona.

Kwa hiyo nashauri uzito na mzunguko wa tumbo vipimwe kila siku, kwa saa ileile na mizani ileile, na mlezi afundishwe kuandika namba hizo mwenyewe na kuuliza zinapopanda. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kumtia hofu. Lakini hofu kubwa zaidi ni ya asiyejua anachokiona. Dawa ya defibrotaidi ipo, nayo ni ghali. Hufaa zaidi ikianzwa mapema. Viungo vingine vikishaanza kushindwa, wengi wasiotibiwa hufariki dunia.

Mapafu yanadai uangalifu wa namna yake, kwa sababu maradhi ya mishipa yake huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Kuhema kwa kazi ndogo kusihesabiwe kuwa uchovu wa kupona. Zahanati ipime oksijeni na kuwasiliana na kitengo kilichompandikiza. Asianzishiwe dawa za kutanua mishipa kabla ya uchunguzi, kwa kuwa mishipa ya vena ikiwa imeziba, dawa hizo huweza kuyajaza mapafu maji.

Wauguzi wenzangu, mizani tunazo. Na wewe mgonjwa, kuuliza uzito wako wa leo ni haki yako.