Usizibe Hewa Ukitafuta Joto

Mdogo wangu, fundi ujenzi katika jimbo la North Dakota, Marekani, anaishi na mkewe na mtoto wao ndani ya trela: nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu, ambayo chumba chake cha kulala kimeinuliwa mbele, juu ya bodi ya gari. Majira ya baridi yaliyopita alinipigia simu. "Shikamoo dada. Sote watatu vichwa vinatuuma kila asubuhi, na mtoto anatapika. Kliniki wametupima kwa kile kifaa cha kidoleni, wakasema oksijeni ni asilimia 98, tuna mafua tu."

Nilimuuliza swali ambalo kliniki hawakumuuliza: mnapashaje nyumba joto?

Hewa moto hupanda, kwa hiyo chumba cha juu kilikuwa na joto la kukosesha usingizi ilhali sebuleni miguu ilikufa ganzi. Akafunga matundu ya hewa ya juu, kisha mawili ya sakafuni. Masanduku ya nguo yakaegemezwa kwenye wavu ambao mtambo wa joto huvutia hewa. Tundu la darini akaliziba kwa sponji. Baada ya siku chache mtambo ukawa unawaka na kuzima, akauona mbovu. Tangu hapo familia ikawa inaota moto wa jiko la gesi la kupikia. King'ora cha kutambua gesi yenye sumu kilipolia usiku, alikitoa betri.

Mtambo haukuwa mbovu hata kidogo. Huchoma gesi ya propani ndani ya kasha lililofungwa, ambalo huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi wake nje. Hewa ya chumbani hupita tu pembeni ya kasha hilo, ikapata joto na kusukumwa na feni hadi kwenye matundu. Ukifunga matundu mengi, hewa hukwama, kasha hupata joto kupita kiasi, na swichi ya usalama huzima moto. Ndiyo maana watengenezaji hutaja idadi ya matundu yasiyopaswa kufungwa kamwe. Jiko la kupikia halina bomba la kutoa moshi nje. Linapokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushee.

Nilimwambia watoke wote muda uleule, waende hospitali na kuomba kipimo cha damu cha gesi hiyo. Majibu yalithibitisha sumu.

Kwa wenzangu watoa huduma nasema bila kuzunguka: kile kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Asilimia 98 haimwondolei mgonjwa wa namna hii hatari yoyote. Watu wa nyumba moja wanapoumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, bila homa, wakapata nafuu watokapo nje, mpe kila mmoja oksijeni kwa barakoa kabla ya kubishana kuhusu mafua au malaria. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua takriban saa 4 hadi 6 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya asilimia 100, kama saa 1 hadi 1 na nusu. Mjamzito asirudishwe nyumbani kwa haraka, maana kijusi huathirika zaidi kuliko mama.

Unyevu nao una madhara yake. Kilo 1 ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1 na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Katika trela iliyozibwa, mvuke huo, pamoja na pumzi za watu, huganda kwenye kuta baridi na chini ya godoro, kisha ukungu ukaota. Mwenye pumu atakwambia yanayofuata.

Msomaji wa Makete au Njombe asidhani haya ni ya Wamarekani. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa Juni hutoa gesi ileile, tena kwa wingi. Hapa sikubaliani na wanaoshauri "fungua dirisha kidogo": kwa mkaa chumbani mwa kulala, ushauri pekee ninaoutoa ni kuliacha jiko nje, watu wajifunike mablanketi zaidi.

Mdogo wangu ametundika pazia zito kwenye ngazi ili joto lisikimbilie juu, amefungua matundu yote, amerudisha betri, na tundu la darini huliacha wazi upana wa vidole viwili. Analalamika kwamba mtungi wa gesi sasa unaisha mapema. Simhurumii.