Leseni ya Tajiri, Posho ya Kuli



Wakala wa forodha, yule ambaye huku Palma na Mocímboa da Praia tunamwita despachante, akisimamishwa leseni na kukimbilia mahakamani, wengi wetu husema: mwacheni tajiri apambane na wakubwa wenzake. Sisi hatukubaliani na maneno hayo.

Leseni ikisimama, karatasi hazitiwi sahihi. Magunia na vipuri hulala bandarini, au malori hungoja Namoto. Karani huambiwa abaki nyumbani. Kuli hulipwa kwa siku, basi siku hiyo hana kitu. Na kiwanda cha korosho kinachongoja mkanda wa mashine nacho hunyamaza. Tajiri ana akiba. Sisi tuliorudi Mocímboa baada ya mji kukombolewa Agosti 2021 tulirudi mikono mitupu.

Hatusemi mawakala wote ni safi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanakumbuka Novemba 2015, Waziri Mkuu Majaliwa alipogundua kuwa makontena 349 yametoka bandarini bila kulipiwa kodi, shilingi bilioni 80. Hizo ni zahanati ngapi? Mwizi na anyang'anywe leseni, lakini kwa kosa lililoandikwa, na baada ya kusikilizwa.

Katiba ya Msumbiji ya 2004 inataka uamuzi wa ofisi unaogusa haki ya raia utolewe pamoja na sababu zake, na inamruhusu raia kuupinga. Sheria Na. 7 ya 2014 inaonyesha njia ya kufika Mahakama ya Utawala. Lakini pana mtego: kufungua shauri peke yake, kwa kawaida, hakuzuii amri. Mlalamikaji lazima aombe mbali kwamba utekelezaji usitishwe, na aonyeshe madhara yasiyofidika kwa urahisi. Hapo ndipo tunaposahauliwa. Wakili hupeleka hesabu ya faida iliyopotea. Sisi tunataka na daftari la mishahara lifike mbele ya hakimu.

Wenzetu wa upande wa Kilambo wana sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004: mlalamikaji huomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 30, na kamishna asipojibu ndani ya siku 30, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Kimya cha ofisi hakimuumizi mnyonge. Tungependa jambo hilo hapa.

Na wewe tajiri, usitukumbuke siku ya ushahidi tu. Sheria ya Kazi ya 2007, kabla ya ile ya 2023 kuchukua nafasi yake, ilitaka mfanyakazi aliyesimamishwa kwa shida za kampuni alipwe asilimia 75 ya mshahara mwezi wa kwanza, 50 wa pili, 25 wa tatu. Kibarua asiye na mkataba hakuonja hata hiyo. Kamati za chama zidai mikataba ya makuli iandikwe sasa, leseni ikiwa bado inaning'inia ukutani.